SOMO LA STIMA: PAMPU YA JOTO NA YUNITI ZINAZOPOTEA NYUMBANI



Siku moja mama mmoja mjane kutoka Kinangop alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi mkononi. Hakuja kuuliza habari za mbolea wala dawa ya kupe. Karatasi ile ilikuwa na hesabu ya tokeni za stima alizotumia kwa siku 30, na jumla yake ilikuwa yuniti 265. Akaniambia hivi: "Bwana Karani, watoto wangu walininunulia mtambo wa kupasha maji moto, wakasema utapunguza gharama. Sasa nataka kuuza mtamba wangu ili nilipie stima. Na kijana wangu wa kazi nataka kumfukuza, maana nadhani usiku anawauzia majirani umeme wangu."

Mimi nilimjibu upesi kuliko ilivyofaa. Nilimwambia, "Mama, zima taa mapema, na redio isikae wazi mchana kutwa." Akaenda akafanya hivyo. Baada ya wiki moja akarudi na karatasi nyingine, na hesabu ilikuwa karibu ile ile. Ndipo nilipoona aibu, kwa kuwa nilitoa shauri bila kupima. Balbu 5 za kisasa za wati 9 kila moja, zikiwaka kwa saa 5, hutumia chini ya robo ya yuniti. Mtu anayepoteza yuniti 5 kwa siku hawezi kuziokoa kwa kuzima taa.

Basi nikaenda naye nyumbani kwake pamoja na fundi wa stima mwenye leseni. Yale tuliyoyaona huko ndiyo somo letu la leo. Linawafaa wenye mitambo kama ule, na vilevile kila mkulima mwenye friji au tangi la kupoza maziwa, kwa sababu kanuni ni moja.

PAMPU YA JOTO NI KITU GANI?

Ukitaka kupasha maji kwa umeme, kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitisha umeme katika waya wa moto, ambao mafundi huuita elementi. Hapo yuniti 1 ya umeme hugeuka kuwa yuniti 1 ya joto. Haizidi na haipungui.

Njia ya pili ni pampu ya joto. Mtambo huu haufanyi kazi ya kutengeneza joto, bali huokota joto lililomo hewani na kulipeleka ndani ya maji. Labda utauliza, "Hewa ya Kinangop ni baridi, joto litatoka wapi?" Lakini hata hewa tunayoiita baridi ina joto ndani yake. Ndani ya mtambo mna gesi maalumu inayozunguka katika mabomba membamba. Gesi hiyo kwanza hufanywa kuwa baridi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo joto la hewa huingia ndani yake. Kisha kompresa huikandamiza hata ikawa moto sana, nayo huenda kuupokeza moto huo kwa maji. Halafu hulegezwa, hupoa, na huanza safari tena.

Friji hufanya kazi hiyo hiyo. Weka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi, utasikia joto. Joto lile limetoka ndani, katika maziwa na nyama. Friji hutoa joto ndani na kulitupa nje, na pampu ya joto huchukua joto nje na kulileta ndani.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1852 mtaalamu William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba mtambo wa namna hii ungeweza kutumiwa kupasha nyumba joto. Miaka michache baadaye, 1856 hadi 1857, Peter von Rittinger alitengeneza mtambo wa kuhamisha joto katika kiwanda cha chumvi huko Ebensee, nchi ya Austria. Mwaka 1938 jumba la halmashauri ya mji wa Zürich liliwekewa pampu iliyochukua joto kutoka katika maji ya mto.

Faida yake ni hii: yuniti 1 ya umeme ikiendesha pampu nzuri, huweza kuleta yuniti 2 na nusu hadi 3 za joto, na pengine zaidi. Watoto wa yule mama hawakumdanganya.

KWA NINI BASI STIMA HUWA NYINGI?

Fikiri juu ya mtu anayechota maji mto Malewa na kuyapandisha nyumbani. Nyumba ikiwa karibu na mto, mtu huyo hubeba ndoo nyingi kwa nguvu kidogo. Nyumba ikiwa juu mlimani, nguvu zile zile hupandisha ndoo chache tu. Pampu ya joto ni hivyo hivyo. Hewa ndiyo mto, na joto la maji unayoyataka ndiyo nyumba. Kadiri hewa ilivyo baridi, na kadiri unavyotaka maji ya moto zaidi, ndivyo mlima unavyokuwa mrefu, na ndivyo kila yuniti ya umeme inavyoleta joto kidogo.

Kwa hiyo mambo mawili huongeza mlima. La kwanza ni kuuendesha mtambo alfajiri, wakati wa baridi kali, badala ya mchana. La pili ni kupandisha kipimo cha maji mpaka digrii 70 hali digrii 55 zingetosha.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo ndilo huleta hasara kubwa. Mitambo mingi ya namna hii ina waya wa moto uliofichwa ndani ya tangi kama msaidizi. Pampu ikishindwa, au ikitakiwa kupasha maji kupita uwezo wake, waya huo huwaka wenyewe. Maji hupata moto kama kawaida, kwa hiyo mwenye nyumba hajui kwamba pampu imelala na msaidizi ndiye anayefanya kazi yote. Atajua siku ya kununua tokeni.

HESABU YA MAJI YA NYUMBANI

Mkulima anayejua hesabu hii hatapotea. Yuniti 1 ya joto hupasha lita 86 za maji kwa digrii 10.

Yule mama na watu wake hutumia karibu lita 120 za maji moto kwa siku, kwa kuoga na kuosha vyombo vya maziwa. Maji ya Kinangop huingia tangini yakiwa na digrii 15, naye huyataka yawe digrii 55. Maana yake ni kuongeza digrii 40. Kazi hiyo huhitaji yuniti 5.6 za joto.

Kwa waya wa moto, atalipa yuniti 5.6 za umeme.
Kwa pampu inayoleta mara mbili na nusu, atalipa yuniti 2.2 tu.

Tofauti ni yuniti 3.4 kila siku, yaani zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi. Hii ndiyo tofauti kati ya pampu iliyo macho na pampu iliyolala.

JINSI YA KUPIMA KWA MITA

Mita yako ya tokeni ina taa ndogo nyekundu inayometa kadiri umeme unavyotumika. Usoni mwa mita huandikwa imeta mara ngapi kwa yuniti 1. Mita nyingi ni mara 1000, lakini soma yako mwenyewe. Chukua saa, hesabu kumeta kwa dakika 1, zidisha kwa 60, gawanya kwa ile namba iliyoandikwa. Jibu ni kilowati zinazotumika wakati ule.

Pampu ya nyumbani inayotumia wati 600 itaimetesha mita ya 1000 mara 10 kwa dakika. Waya wa moto wa wati 2000 utaimetesha mara 33. Hata mtoto wa shule aweza kuona tofauti hiyo.

Kipimo cha pili ni cha usiku. Watu wakishalala, andika yuniti zilizobaki katika mita. Andika tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Kilichopungua ni umeme uliotumika bila faida ya mtu yeyote.

Kipimo cha tatu ni cha mwenye shaka ya wizi. Zima swichi kubwa ya nyumba. Taa ya mita ikiendelea kumeta, kuna umeme unaochukuliwa kabla ya swichi. Ikiacha kumeta, hata kama imebaki imewaka tu, washa swichi kubwa tena, lakini zima taa zote na chomoa kila kitu, na mtambo wa maji uzimwe kwenye swichi yake. Ikianza kumeta hapo, kuna kitu kingine kinachovuta umeme. Usiguse nyaya wala usifungue mita. Mwite fundi au wenye kampuni ya umeme, kwa kuwa stima huua.

TULIYOYAONA KINANGOP

Tulianza na kipimo cha tatu, kwa sababu jina la kijana lilikuwa hatarini. Swichi kubwa ilipozimwa, mita ilinyamaza. Vitu vyote vilipochomolewa, mita ilinyamaza vilevile. Tukarudia usiku, wakati mama aliodhani umeme unauzwa. Mita ilikuwa kimya. Kijana alikuwa akichaji simu yake tu, na simu ndogo ikichajiwa mara 60 haimalizi yuniti 1.

Ndipo tukauwasha mtambo wa maji. Mita ikameta mara 33 kwa dakika. Fundi akatega sikio karibu na feni, hakusikia kitu. Pampu ilikuwa imelala, na waya wa moto ulikuwa ukifanya kazi peke yake.

Sababu tuliiona mara moja. Mtambo uliwekwa ndani ya ghala la nyasi kavu, na mlango wa ghala hufungwa. Mahali pa kuvutia hewa palikuwa pamezibwa na makapi ya nyasi na vumbi. Tena, pampu ya joto hutoa hewa baridi. Katika chumba kilichofungwa hewa ile ile baridi hurudi mtamboni, ikazidi kupoa. Mabomba yalishika barafu, pampu ikajizima ili isiharibike, na msaidizi akachukua kazi.

Kosa la pili lilikuwa kipimo cha joto. Mtu aliyeuweka mtambo alikiacha kwenye digrii 70, na mtambo ule kwa pampu peke yake hufika 60 tu. Kwa hiyo hata pampu ingekuwa nzima, waya ungewaka kila siku kumalizia.

Kosa la tatu lilikuwa bomba la kuoshea vyombo. Lilidondosha maji moto kiasi cha nusu lita kwa saa. Si mengi kwa macho, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kosa la nne lilikuwa mabomba ya maji moto yaliyopita nje bila kufunikwa, yakipasha hewa ya Kinangop bure.

Tulipima usiku kwa muda wa saa 8, mtu yeyote asifungue bomba. Mita ilipunguza yuniti 0.9. Kwa siku nzima ni yuniti 2.7, na kwa mwezi ni yuniti 81, kabla mtu hajanawa hata mikono! Sasa jumlisha: yuniti 2.7 zinazopotea, yuniti 5.6 za maji yanayotumika, na nusu yuniti ya taa, redio na simu. Jumla ni 8.8 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, utapata 264. Karatasi ya mama ilisema 265. Umeme wote ulionekana, hata kidogo hakikuibwa.

Mama alimwita kijana mbele yetu akamwambia, "Mwanangu, nilikuwazia mabaya. Nisamehe." Kijana akacheka, akaenda kuchota nyasi. Mimi nami niliomba radhi kwa shauri langu la taa.

DAWA YAKE

Fundi aliuhamisha mtambo akauweka nje chini ya kibanda chenye paa tu, mahali hewa inapopita. Alisafisha mapezi ya mtambo kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa. Kipimo kilishushwa hadi digrii 55. Mpira wa bomba ulibadilishwa, na mabomba yakavikwa sponji za kuzuia joto. Saa ya mtambo iliwekwa ufanye kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati hewa ina vuguvugu.

Mama aliuliza swali zuri. Alisema, "Lakini mitungi ya maziwa hutaka maji ya moto zaidi." Ni kweli. Lakini mitungi huhitaji lita 15 tu. Ni afadhali kuzichemsha hizo lita 15 kwa biogesi ya samadi yake mwenyewe kuliko kuliweka tangi zima la lita 200 kwenye digrii 70 mchana na usiku.

Neno la tahadhari: usishushe kipimo ovyo ili kuokoa zaidi. Maji yanayokaa tangini yakiwa ya vuguvugu huweza kuzaa vijidudu vya ugonjwa wa mapafu. Yafaa mara moja kwa wiki yapandishwe hadi digrii 60 au zaidi. Mitambo mingi hujifanyia kazi hiyo yenyewe ikiwekwa sawasawa.

Mwezi uliofuata mama alitumia yuniti 98. Hapo pana faida nyingine. Katika bei zilizotangazwa Kenya mwaka 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa kwa kutazama matumizi: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Kila kundi lina bei yake kwa yuniti, na kundi la juu hulipa ghali zaidi. Kwa hiyo anayepita 100 hulipa yuniti nyingi, tena kila yuniti kwa bei kubwa. Mtamba hakuuzwa.

WENYE TANGI ZA MAZIWA NA FRIJI

Kupoza lita 100 za maziwa kutoka digrii 35 hadi 4 ni kuondoa karibu yuniti 3.5 za joto. Mtambo mzuri hufanya hivyo kwa kutumia umeme pungufu sana ya hapo. Lakini ukiusimamisha mtambo penye jua, au ukaubana ukutani, au mapezi yake yakijaa vumbi la lishe, hauna mahali pa kutupa joto. Kompresa itanguruma siku kutwa na maziwa yatachelewa kupoa.

Kama una maji yanayotiririka, poza maziwa kwa maji kwanza. Maziwa yakitoka digrii 35 hadi 20 kwa maji ya bure, karibu nusu ya kazi imekwisha kabla ya kugusa stima. Kwa friji, usiiweke karibu na jiko, usiingize chakula cha moto, na tazama mpira wa mlango kama unabana.

WENYE WATOTO ULAYA

Wakulima wengine wana watoto Uingereza na kwingineko Ulaya, ambako pampu hizi hupasha nyumba nzima. Wakikuandikia kwamba stima ya Januari imewashinda, usidhani ni ufujaji. Huko nyumba huhitaji joto jingi wakati ule ule ambapo hewa ni baridi kupita miezi yote. Mlima ni mrefu na ndoo ni nyingi. Hata mtambo mzima utakula sana miezi hiyo. Mwambie atazame jumla ya mwaka, kisha ahakikishe kwamba waya wa msaidizi hauwaki bila sababu, na kwamba maji yanayozunguka nyumbani hayakuwekwa ya moto kupita haja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pima kwanza, ndipo ulaumu mtu au kitu.
2. Hesabu kumeta kwa mita ujue kama ni pampu au waya wa moto unaofanya kazi.
3. Mtambo uwe mahali penye hewa, na usafishwe kila mwezi.
4. Maji yasiwe moto kuliko haja, wala yasiwe ya vuguvugu siku zote.
5. Ziba bomba linalodondosha, vika mabomba ya maji moto.
6. Uendeshe mtambo mchana.
7. Kazi ya nyaya na gesi ni ya fundi mwenye leseni peke yake.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Mita yako ya 1000 inameta mara 25 kwa dakika. Ni kilowati ngapi zinazotumika? (Jibu: 1.5)
2. Lita 86 za maji zitahitaji yuniti ngapi za joto kutoka digrii 15 hadi 55? (Jibu: 4)
3. Nyumbani kwako, mita hula yuniti ngapi usiku watu wakiwa wamelala?

Swali la tatu mimi siwezi kulijibu. Chukua daftari la mtoto usiku huu uandike namba ya mita, na alfajiri uandike tena. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.